Tarehe Ubavuni mwa Tangi

Si kunguruma, hapana. Inaguna: mmmm,
kama mtu aliyedaiwa mbele za watu,
kisha swichi ya ukutani inajiangusha, tap,
na gereji nzima kimya.

Mabela, mwezi wa Agosti, alasiri imeshaswaliwa,
ukuta wenyewe unatoka jasho.
Juu, dirishani, mama anaita:
"Ghaniya! Si umwite fundi, mwanangu!"
Fundi wa Rusayl ataka riali kumi na tano
kuja kuitazama tu.
Kutazama naweza mwenyewe, macho ninayo.

Nilikuwa tayari kulilaumu joto.
Nikaikumbuka mbaazi, ikikosa maua husingizia jua,
nikaona haya, nikashika spana.

Kwanza waya: mwembamba, mrefu,
umeviringwa mguuni mwa meza, una moto kama birika.
Umeme ukifika huku umeshachoka njiani.
Nikaukokota mzigo wote hadi ukutani,
nikachomeka hapo hapo.
Mmmm.
Basi si waya. Au si waya peke yake.

Nikakaa juu ya kopo la rangi.
Sindano ya geji imesimama kwenye nne,
na ubavuni mwa tangi, kwa kalamu nyeusi, nambari za Zahor:
3/11, 1/12, 6/1, 7/2.
Miaka yote nilidhani ni bei za vitu.
Kumbe ni siku alizomwaga maji.
Ya mwisho ni ya mwaka juzi.
Baada yake hakuna mtu aliyeinama.

Nikainama.
Koki ya chini ilikataa, ikakataa, ikakubali.
Ikatoka pumzi, halafu mate,
halafu maji ya rangi ya ukwaju, yananuka sarafu,
karibu nusu ndoo.
Unyevu wa siku alizowasha yeye
umekaa humu gizani, unakitafuna chuma polepole.
"Usiumwagie mrehani wangu hayo!" mama kashaona.

Tangi tupu, nikawasha.
Ikaondoka! Tukutuku, tukutuku,
mama akanipigia kigelegele cha kejeli.
Ilipofika sita nikaizima, nikatega sikio.
Ikizimwa hupiga chafya moja, basi.
Hii ikaendelea: ssssss, haiishi.

Nikachukua povu la sabuni ya vyombo
na brashi ya mama ya kupakia mikate samli
(hajui, na asijue).
Viungo vyote vya mpira, kimya. Shingo ya geji, kimya.
Chini ya swichi tu mapovu yalivimba, yakapasuka, yakavimba.
Upepo wa tangini ulikuwa unarudi nyuma
kwa bomba la shaba, unaikalia pistoni.
Nani angeinuka, na mtu kamkalia kichwani?

Plagi nje. Upepo wote nje.
Sindano sifuri, ama sigusi kitu.
Nati ya vali ilinichubua vidole viwili,
na ndani mkosaji mwenyewe:
kidude cha raba, kama kifungo cha kanzu,
kimechimbika upande mmoja,
gamba la kutu limekinasa.
Nikakifuta. Nikakigeuza upande mzima.
Kipya nitakitafuta Jumamosi.

Chafya moja. Kimya.

Nikaipuliza chujio ya kiyoyozi cha mama,
likaruka vumbi la miezi minne, likanirudia usoni,
nikapiga chafya mimi, mara tatu.

Kalamu yake ilikuwa pale pale, kwenye rafu, imekauka.
Nikapanda juu, nikashuka na wanja,
nikaandika chini ya Februari: 17/8.
Saba yake ina kikato katikati.
Yangu haina.